Manuae haina watu, ila ina wenyewe

Wiki hizi tumeulizwa sana swali moja, mbona kisiwa kizuri kama Manuae kule Visiwa vya Cook, Bahari ya Pasifiki, kimekaa kitupu, si mtu aende tu akajenge? Jamani, hapana. Kukosa watu sio kukosa mwenyewe, na hili tumelisema mara nyingi mno.

Manuae ni visiwa viwili vidogo juu ya mwamba mmoja wa matumbawe, katikati lagoo, yaani maji ya bahari yaliyozungukwa na mwamba, nchi kavu yote kama kilomita za mraba 6. Zamani watu walifanya kazi ya mbata huko, leo hakuna anayeishi. Lakini ardhi ni ya koo za Aitutaki, kisiwa kilicho kama kilomita 100 kutoka hapo, na ndio wa kuombwa ruhusa kabla hujashuka. Wana pia utaratibu wa mababu wa kufunga eneo lipumzike, wanauita ra'ui, ikitangazwa huvui mpaka ifunguliwe.

Sasa sheria, na hapa naomba usome taratibu. Ardhi ya wenyeji haiuzwi, tangu sheria ya 1915. Unakodi tu, mwisho miaka 60, na mkataba ukizidi miaka 5 lazima upitishwe na baraza la kuidhinisha mikataba. Wamiliki ni ukoo mzima kwa hiyo saini ya mjomba mmoja uliyekutana naye hotelini haikupi kitu, unaitishwa mkutano wa wamiliki chini ya kitengo cha ardhi cha Mahakama Kuu. Na baharini, sheria ya Marae Moana, yaani ya hifadhi ya bahari ya nchi hiyo, ya 2017 inazuia uvuvi mkubwa wa kibiashara ndani ya maili 50 za baharini kuzunguka kila kisiwa, basi usidhani ukikaa na meli nje ya mwamba umepona.

Kwa nini wanabana hivyo? Kuna ndege wa baharini mwenye mkia mwekundu, anataga yai moja tu, chini kabisa, kwenye kivuli cha kichaka. Halafu mtu anashusha gunia la mchele ambalo hajalikagua, ndani yake kuna panya jike mwenye mimba, na panya hula mayai. Mwenye ardhi anayekwambia boti yako isubiri kwanza hakuringii, anafikiria lile yai. Kwa hiyo magunia na maboksi yafungueni bandarini, kabla boti haijaondoka.