Ni matunzo ya mtoto, siyo "msaada wa mtoto"

Juzi tena nimemsikia mtu redioni anasema jamaa fulani aliyeko nje "kagoma kutoa msaada wa mtoto", nikasema hapana, leo naandika. Huo ni Uzungu, "child support", uliogeuzwa neno kwa neno. Kiswahili chake ni matunzo, yaani gharama za chakula, malazi, matibabu na shule ambazo mzazi anawajibika nazo kisheria hata kama haishi na mtoto, kwa Tanzania Bara zipo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Maana ndo hiyo, tuendelee.

Msaada ukitoa unashukuriwa, usipotoa hakuna wa kukushtaki. Matunzo yanadaiwa. Sasa shida naona imeanzia kwenye neno lenyewe, maana kutunza ni kulea na kuhifadhi, lakini pia ukienda kwenye taarabu mwimbaji akikukuna roho unanyanyuka unaenda kumtunza, noti mkononi, unarudi kukaa, na tuzo wanazopewa wasanii ni ndugu wa neno hilohilo. Wababa wengi walioko nje nahisi wameshika hiyo maana ya pili! Mama akiimba vizuri anatunzwa, akinuna hapati kitu. Waislamu wana neno nafaqa, la Kiarabu, na nafaka yetu ya mahindi na mtama inatoka hukohuko, yaani waliotangulia waliposikia matumizi ya nyumbani wakaona gunia. Gunia halihitaji mama aimbe.

Binamu yangu ana daftari la kurasa mia, mzazi mwenzie yuko Uingereza. Machi, laki mbili. Aprili, kimya. Mei, raba na begi. Na kila hela ikiingia inakuja na meseji "zawadi ya dogo". Alienda sehemu kuuliza akajibiwa baba akishavuka mpaka ndo basi tena, akarudi nyumbani.

Siyo basi. Tanzania (ukiacha Zanzibar) na Kenya zote zipo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inapokezana nazo amri za matunzo. Unafungua shauri mahakama ya huku mtoto anakoishi, mahakama inaweza kutoa amri ya awali ambayo peke yake haina meno, makaratasi yanapita serikalini mpaka mahakama ya kule, baba anaitwa aseme lake, wakiithibitisha ndo inakazwa, yaani baba analazimishwa kulipa, kwa sheria zao, ikibidi mpaka kukata kwenye mshahara. Ni safari ndefu kweli, na ndo maana watu wanachanganya kupata amri na kukaza hukumu, ni vitu viwili. Ile ofisi yao ya kule inayowakatia wababa matunzo yenyewe ni kwa watoto wanaoishi kulekule, usihangaike nayo. Na usipige hesabu ya paundi ukadhani mtoto wa Mbagala atapangiwa maisha ya London, sheria yetu inaangalia kipato cha wazazi wote wawili na pia gharama za maisha pale mtoto anapoishi.

Halafu kuna hili la Hague, ule mji wa Uholanzi, hasa majirani zetu Wakenya, ukisema Mkataba wa Hague mtu anacheka anadhani baba anapelekwa ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. ICC ipo mji huohuo lakini ni nyumba nyingine kabisa. Mkataba ninaousema ni wa 2007, wa kudaiana matunzo ya watoto kati ya nchi na nchi, Marekani ulianza kufanya kazi Januari 2017, hauna hata mahabusu.

Binamu nimeshamweleza yote hayo, kaelewa, kasema Jumatatu anaanza upya. Jana nimemkuta kafungua ukurasa mpya wa daftari, kapiga mistari kwa rula, juu kabisa kaandika kwa herufi kubwa MSAADA WA BABA. Nikamwomba kalamu, nikakata neno moja.