Treni ndizo zilizotangulia kuondoka

Nimeisikia tena juzi, safari hii kikaoni, kutoka kwa mtu mwenye shahada mbili: "Stesheni kama Broad Street ilikosa abiria, ikafungwa. Mlitaka wafanyeje?" Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikainamia daftari. Kazi yangu ni kupanga ratiba za treni za watu wa kila siku, wale wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni wamechoka, na sentensi hiyo imenifuata miaka yote kama kelele ya gurudumu lililolika upande mmoja. Leo naijibu kwa maandishi, nipumzike.

Kwa wasioijua: Broad Street ilikuwa stesheni ya mwisho wa reli mjini London, ubavuni kabisa mwa Liverpool Street. Ilifunguliwa mwaka 1865 na kampuni ya North London Railway. Mwaka 1902 ilipitisha abiria zaidi ya milioni 27, na saa za msongamano haikupita dakika bila treni kuingia au kutoka. Mwaka 1985 ilikuwa ikipata abiria 6,000 kwa wiki. Juni 1986 ikafungwa, na leo pamesimama majengo ya ofisi ya Broadgate.

Piga hesabu. Abiria 6,000 kwa wiki ni kama 312,000 kwa mwaka, yaani kati ya kila abiria 87 wa zamani alibaki mmoja. Hapo mtu wa shahada mbili anafunga faili. Mimi ndipo ninapolifungua.

Nikubali haraka kilicho kweli. Tramu za umeme na mabasi viliila ile reli mapema sana, kisha reli za chini ya ardhi zikamalizia. Central London Railway ilifika Liverpool Street mwaka 1912. Reli ya Broad Street ilikuwa ikizunguka kaskazini mwa mji, na mtu mwenye njia ya mkato hazunguki kwa mapenzi. Wenye reli walijitetea kwa kuweka umeme mwaka 1916. Halafu vikaja vita na mabomu. Hayo yote sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanza baada ya hapo. Mwaka 1950 sehemu kubwa ya jengo ilifungwa na tiketi zikawa zinauzwa kwenye kibanda cha mbao ukumbini. Miaka ya 1960 sehemu kubwa ya paa la juu ya majukwaa iling'olewa. Mwaka 1976 treni za vitongoji vya kaskazini, zilizokuwa zikija Broad Street asubuhi na jioni, zikahamishiwa Moorgate, stesheni nyingine ya katikati ya mji. Mei 1985 treni za Richmond, magharibi mwa London, ambazo ndizo zilikuwa uti wa mgongo, zikageuzwa kwenda North Woolwich, mashariki, bila kufika katikati ya mji. Zikabaki treni chache za Watford, mji ulio kaskazini-magharibi mwa London, za saa za msongamano tu.

Sasa ndiyo unakuja na kikokotoo kuhesabu abiria? Ni sawa na kufunga bomba kisha kutangaza kwamba watu wa mtaa huu hawapendi maji. Wale watu wa Moorgate hawakuacha kusafiri, walihamishwa pamoja na treni zao. Wa Richmond vilevile: aliyekuwa akienda moja kwa moja mpaka katikati ya mji sasa alitakiwa kubadili treni njiani. Namba ya abiria wa stesheni haipimi mapenzi ya watu kwa stesheni. Inapima ratiba iliyobaki, kasoro wale waliokata tamaa.

Na hata kuhesabu kwenyewe kuna mitego. Ripoti ya Beeching, mkuu wa reli za Uingereza, ya mwaka 1963, iliyotaja stesheni na vituo 2,363 vya kufungwa Uingereza nzima, iliegemea takwimu za wiki moja ya Aprili 1961. Wiki moja! Tena mapato yakipangwa kwa kituo ilipokatwa tiketi, kituo cha watu wanakokwenda kitaonekana maskini siku zote. Tiketi ya msimu, ile ya kusafiria kwa mwezi au mwaka mzima, mtu huikata karibu na kwake, asubuhi akiwa na haraka. Huku anakoshukia haachi hata senti. Nimewahi kuletewa jedwali la namna hiyo, kituo chenye ofisi pande zote nne kikiwa mkiani kabisa, na aliyelileta hakuona tatizo. Nilimwomba akasimame langoni saa mbili asubuhi. Hakwenda.

Kitu kingine ambacho watu wa mahesabu hawakisikii ni kungoja. Treni ikija kila baada ya dakika kumi, abiria hashughuliki na ratiba, anatoka tu nyumbani. Ikiwa kila baada ya dakika ishirini, anaanza kutazama saa. Ukifika nusu saa, umemfundisha kwamba akichelewa dakika moja amepoteza asubuhi yake, na mtu akishafundishwa hivyo atatafuta basi. Kwenye karatasi umeokoa treni moja tu kwa saa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vyetu hulipitia kwa kunyata. Fomula tunazotumia kukadiria abiria wangapi watapotea ukipunguza treni zimetokana na mabadiliko madogo: treni nne kuwa tatu, tatu kuwa mbili. Ukizitumia kwa stesheni iliyopunguziwa kidogo kidogo kwa miaka thelathini, unabahatisha kwa tarakimu za desimali. Nimezitumia hivyo mwenyewe, na nikasaini.

Tena kuna ushahidi unaonisumbua. Baada ya Broad Street kufungwa, zile treni za Watford zilipewa kipande kipya cha reli ili ziingie Liverpool Street, stesheni yenye uhai tele. Mwaka 1992 nazo zikafutwa. Najitetea kwamba zilikuwa chache mno kumzoesha mtu, lakini nikiwa peke yangu utetezi huo hauniridhishi sana.

Kilicho wazi kwangu zaidi ni tofauti ya kufunga na kubomoa. Watu huvitaja pamoja kama pacha. Ubomoaji wa Broad Street ulianza Novemba 1985, stesheni ikiwa bado wazi. Abiria wa mwisho walishushwa kwenye jukwaa la muda huku jengo likivunjwa karibu yao. Waangalie abiria hao, wanatembea kando ya vifusi kwenda kazini, halafu soma kwamba "hawakuwepo".

Lakini lile daraja refu la matao ya matofali lililoleta treni Broad Street kutoka Dalston, mtaa wa kaskazini-mashariki mwa London, halikukumbwa lote na haraka hiyo. Lilibaki limeota majani. Mwaka 2010 likarudishiwa reli, kituo cha Dalston Junction kilichofungwa mwaka 1986 kikafunguliwa upya, na watu wakajaa hata treni za mabehewa manne zikaongezwa kuwa za matano. Msiniambie nimeshinda ubishi, maana hii si reli ileile: ya zamani iliishia Broad Street, hii inapita mpaka kusini ya mto Thames na inakuja mara nyingi kwa saa. Ningeulizwa kama stesheni ya zamani ingejaa hivyo, ningenyamaza.

Ukipanda treni hiyo Dalston, kaa upande wa kulia. Baada ya Hoxton utaona majengo marefu ya City, mtaa wa mabenki na ofisi ilikokuwa Broad Street, yanakuja, treni inayaelekea kana kwamba inakwenda kusimama pale pale pa zamani. Halafu, hatua chache kabla, inakata kushoto juu ya daraja jipya na kuingia Shoreditch High Street. Mbele hapana pa kupita.