Ragtime sio mbio jamani

Aisee nimechoka. Mtu akisikia ragtime, ule muziki wa piano wa zamani wa Marekani, anafikiri ni muziki wa vichekesho vya filamu bubu, unapigwa chapchap na anayewahi kumaliza ndo mkali. Wiki hii tena mwanafunzi kaniletea video, jamaa anafyatua Maple Leaf Rag mpaka nota zinapandana, eti mwalimu nifundishe hivi. Sikufundishi.

Scott Joplin, mtunzi mwenyewe wa Maple Leaf, alishakataa, tena kwa maandishi. The Entertainer yake ya 1902 imeandikwa pale juu isipigwe haraka, baadaye kaona watu hawasikii akawa anachapisha onyo kabisa kwenye karatasi za nota kwamba ragtime kuikimbiza si sahihi hata siku moja, na 1908 akatoa kijitabu cha mazoezi, School of Ragtime, humo nako anarudia yaleyale. Afanye nini tena, afufuke?

Sababu iko mikononi. Kushoto anatembea sawasawa, besi, kodi (nota kadhaa kwa mpigo mmoja), besi, kodi, kulia nota inawahi au inachelewa, inaangukia kati ya mapigo, na utamu wote uko kwenye huo ugomvi. Ukikimbiza, ule mwanya unafinyika mpaka sikio haliushiki tena, mikono inasikika kama inagonga pamoja, umebaki na kelele.

Halafu Joplin hakuwa mpiga piano wa baa tu. Mchapishaji wake Stark alipomchapishia Maple Leaf kule Missouri 1899 mkataba ulimpa senti 1 kwa nakala, na akili yake ilikuwa kwenye opera, Treemonisha aliichapisha kwa hela yake 1911, akafa New York 1917 bila kuiona jukwaani ipasavyo. Tuzo ya Pulitzer ya Marekani wakampa 1976, kashazikwa zamani!

Sasa polepole kiasi gani? Hapo hata mimi nayumba. Maple Leaf yenyewe imeandikwa mwendo wa gwaride, na gwaride halijikokoti. Kuna roli za piano za 1916 zenye jina lake, yaani karatasi zilizotobolewa ambazo piano ya mashine inazipiga yenyewe, wengine wanazishika kama ushahidi, ila alikuwa mgonjwa tayari na roli zilikuwa zinahaririwa kiwandani, sasa unasikia mkono wake au wa fundi? Mi nachagua mwendo ambao mtu anaweza kuufuata kwa miguu akitembea. Ukiona ni polepole mno njoo tubishane, ila kwanza nipigie ile trio, sehemu ya tatu ya Maple Leaf, mpaka mwisho bila kuongeza spidi.