Si kila jani la njano linaomba urea

"Bwana shamba, majani ya miche yamekuwa njano, nimeshatia urea, sasa nipige dawa gani?" Swali hili huja kila mwaka mvua zikikolea. Linatoka Tandahimba, linatoka Nachingwea, na karibu kila mara limeambatana na picha ya jani moja la mkorosho lililochumwa na kulazwa mezani. Jani lililochumwa haliniambii kitu. Nataka kujua lilikuwa sehemu gani ya mche.

Naitrojeni, ambayo ndiyo chakula kilichomo kwenye urea, na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mche huzinyang'anya kwenye majani ya zamani na kuzipeleka kwenye machipukizi. Ndiyo maana njaa ya naitrojeni huanzia chini, jani zima likipauka taratibu. Chuma, zinki na manganizi hazihami kirahisi hivyo, kwa hiyo zikikosekana hupauka majani machanga ya juu, mishipa ikibaki kijani. Sasa mtu ananionyesha mche uliopauka juu na kunona chini, halafu anasema umekosa naitrojeni. Umeikosaje, wakati majani ambayo yangenyang'anywa kwanza yana kijani cha kung'aa?

Na wekundu je? Chipukizi la mkorosho hutoka na rangi ya shaba, kisha hugeuka kijani lenyewe. Ndivyo lilivyoumbwa. Wapo wanaolipiga dawa, na likishageuka kijani sifa anapewa muuza dawa.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote ni maji. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, hakina matundu ya kutosha, udongo ni mfinyanzi mtupu, na kijana wa kitalu ameambiwa amwagilie asubuhi na jioni, basi anamwagilia hata siku iliyonyesha. Mizizi inahitaji hewa. Kiriba kikishiba maji mizizi inakosa oksijeni na kuanza kuoza, na mzizi uliooza haunywi maji wala chakula. Hapo mche unageuka njano na kunyauka huku udongo umelowa chepechepe. Mwenyewe akiona umenyauka anaongeza maji, akiona njano anatia urea. Urea nyingi ndani ya kiriba kidogo huunguza hata mizizi michache iliyobaki, kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia, na sasa ana tatizo la pili juu ya lile la kwanza ambalo bado hajaliona.

Pasua kiriba kimoja. Mzizi hai ni mweupe au wa maziwa, na ncha zake ni ngumu. Uliooza ni wa kahawia, unanuka, ukiuvuta ganda linavuka na kubaki uzi. Ukishapasua, tazama pia mzizi mkuu: mche uliokaa kitaluni kupita muda wake huwa mzizi wake umepiga kona chini ya kiriba na kujizungusha, na huo hakuna mbolea ya kuunyoosha. Watu wanaona uchungu kupoteza mche mmoja, ila hawaoni uchungu kutia urea kwenye mia tano bila kujua kinachoendelea ndani.

Kisha niulize udongo wa viriba umetoka wapi. "Hapo hapo tu, chini ya mikorosho ya mzee." Hiyo mikorosho ya mzee imepuliziwa salfa ya unga miaka na miaka. Salfa ikianguka chini, bakteria wa udongoni huigeuza kuwa asidi, na michanga yetu ya uwanda wa Makonde haina nguvu ya kuihimili, kalsiamu na magnesiamu zinasombwa. Mche ukipauka majani ya chini katikati ya mishipa kwenye udongo wa namna hiyo, nashuku magnesiamu. Urea nayo huongeza uchachu wa udongo.

Majani kujikunja, kwa haraka: geuza jani. Vidukari na vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hukaa upande wa chini, na sisimizi wakipanda na kushuka wanakuonyesha njia. Ukiona unga mweupe wa kijivu kwenye machipukizi wakati wa baridi na ukavu, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na hapo ndipo salfa ina kazi. Chipukizi likiwa na madoa meusi yenye pembe, limejikunja na ncha imekufa, huyo ni mbu wa mikorosho, mdudu wa mimea na si mbu wa malaria: ananyonya na mate yake yana sumu. Salfa haimwondoi. Wanaomwinda ni majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, ambao wewe umewachoma kwa sababu wanang'ata.

Mabango ya mafunzo yanaonyesha kila kitu kikiwa safi, picha moja ugonjwa mmoja. Kitaluni sivyo. Madoa ya mbu yakishazeeka hufanana mno na ya blaiti, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, hasa kipindi cha mvua, na kwa picha ya simu siwezi kukuapia ni lipi. Zinki na manganizi kwenye mche mdogo sizitenganishi kwa macho, na mara nyingi zimepungua zote. Hapo ni kupima udongo na majani. Naliendele, hapo Mtwara, kuna kituo cha utafiti, waulizeni. Na mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mkorosho mwingine, ukipauka juu ya kiungo tu, kabla ya yote angalia kama nailoni ya kufungia ilishafunguliwa, maana ikisahaulika hulikaba shina.

Aliyekwisha tia urea: toboa viriba, viinue juu ya mbao maji yatoke, acha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke, na usiongeze kitu kingine chochote. Majani yaliyokwisha kuwa njano usiyasubiri, mengi yatadondoka. Subiri chipukizi lijalo. Linachukua wiki kadhaa, kwa hiyo usinipigie kesho asubuhi.