Kwa Nini Pikapu ya Zamani Huzimika Ikipata Moto na Kuwaka Tena Ikipoa?

Wenye pikapu kuukuu za petroli, hasa zile za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kama Toyota Hilux yenye injini ya 22R, Datsun 1200 au Peugeot 504, wanaifahamu vyema hali hii: gari linawaka asubuhi bila kusumbua, linakwenda vizuri kwa muda mrefu, kisha linazimika katikati ya mlima na kukataa katakata kuwaka. Dereva hufungua boneti, hukaa kivulini nusu saa, hupiga stata, na injini hunguruma kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Likifikishwa gereji haliumwi tena, kwa hiyo fundi hubadilisha kabureta, au plagi, au chochote kinachopatikana dukani siku hiyo. Fedha nyingi hupotea hapo, kwa sababu ushahidi wa ugonjwa huu hupatikana barabarani, katika dakika chache za kwanza baada ya injini kuzimika, na joto likishuka ushahidi nao huondoka.

Cha kwanza kuangaliwa ni namna gari lilivyozimika. Likikatika ghafla, kama taa iliyozimwa swichi, mara nyingi tatizo huwa upande wa umeme wa cheche. Likianza kupungukiwa nguvu, likashtukashtuka, likatulia kidogo dereva anapopunguza mafuta, kisha ndipo likazimika, basi petroli haifiki inavyotakiwa. Dereva aliyeliona hilo na kulikumbuka humsaidia fundi kuliko yule anayesema tu kwamba gari limegoma.

Upande wa umeme, mshukiwa mkuu ni koili. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma: mmoja mnene, wenye mizunguko michache, unaopokea umeme wa betri wa volti 12, na mwingine mwembamba sana, wenye maelfu ya mizunguko, unaotoa zaidi ya volti 10,000 za kurusha cheche kwenye plagi. Ukinzani wa shaba, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo koili iliyopanda kutoka nyuzi 20 hadi 100 huwa na ukinzani uliozidi kwa karibu theluthi moja, na cheche yake hupungua nguvu. Koili nzima huuvumilia upungufu huo. Iliyochakaa hushindwa, ama kwa sababu utando unaozitenga nyaya zake umepasuka na umeme unavuja kabla ya kufika kwenye plagi, ama kwa sababu waya umekatika mahali padogo mno, ambapo ncha zake hugusana zikiwa baridi na kuachana shaba inapotanuka. Ndiyo maana koili hiyo hiyo ikipimwa kwa mita asubuhi huonyesha namba zisizo na kasoro. Inapaswa kupimwa ikiwa bado ya moto.

Bila mita, ipo njia nyingine. Chomoa waya wa plagi moja, uvike kwenye plagi ya akiba, ulaze mwili wa plagi hiyo juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta na mipira ya petroli, kisha mwombe mwenzako apige stata bila wewe kuushika waya huo kwa mkono mtupu. Cheche ya buluu inayosikika ikilia ni nzuri. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa, au kutokuwepo kwa cheche kabisa, kunaonyesha kwamba kabureta haina kosa. Hata hivyo koili isihukumiwe peke yake, kwani kwenye magari yanayotumia platini (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili), kondensa, yaani kifaa kidogo kinachotunza umeme kwenye distribyuta inayogawa cheche kwa plagi, nayo huharibiwa na joto kwa mtindo huo huo.

Cheche ikiwepo, tazama petroli. Kabureta ya 22R ina kidirisha cha kioo ubavuni mwa bakuli lake, na kiwango cha petroli huonekana humo bila kufungua skrubu hata moja. Inashangaza jinsi watu wengi wanavyoishusha kabureta nzima kabla ya kuchungulia hapo. Bakuli likiwa tupu, huenda petroli imechemka njiani. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vilivyo vyepesi zaidi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi. Pampu ya 22R imefungwa kwenye kichwa cha injini, ambako joto ni kali, na kwa kuwa huyavuta mafuta kutoka tangini, hupunguza mgandamizo ndani ya bomba na kuyafanya yachemke mapema zaidi. Miinuko huongeza tatizo, kwa kuwa hewa ya juu ni hafifu. Gari lisilosumbua Dar es Salaam linaweza kugoma kwenye mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya pampu na gari likawaka upesi, jibu limepatikana.

Kuna hali inayofanana na hiyo lakini huja kwa wakati tofauti: gari halizimiki likiwa mwendoni, bali hugoma baada ya kuegeshwa dakika kumi au ishirini. Injini ikizimwa, feni na maji ya rejeta husimama, na joto la chuma hupanda hadi kwenye kabureta. Petroli ya bakulini huchemka na kumwagikia ndani ya injini, nayo ikalewa mafuta. Dawa yake ni kukanyaga pedali hadi mwisho, kuishikilia hapo bila kuipampu, na kupiga stata.

Kabla ya kununua pampu, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, kitundu cha kupumulia kimeziba, na hilo halihusiani na joto hata kama gari huzimika baada ya mwendo mrefu. Uchafu wa tangini hudanganya vivyo hivyo: huvutwa hadi mdomo wa bomba, hukaba, na injini ikisimama hujitenga na kutua chini.

Cheche na petroli vyote vikiwepo, inabaki kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda, ambayo wengi huisahau. Nafasi ya valvu ya 22R hupimwa injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea. Fundi aliyezikaza kupita kiasi, mara nyingi akitaka kuondoa kelele zake, huziacha bila nafasi ya kutanuka, hivyo zikipata moto hazifungi sawasawa, na mgandamizo huvuja. Kwa hiyo kompresheni ipimwe mara mbili, injini ikiwa baridi na ikiwa ya moto, na namba za silinda zote nne zilinganishwe.