Maziwa ya pakiti kuwa machungu: tatizo huanzia kwenye tangi la baridi

Tangu joto la mwisho wa mwaka lianze hapa Dar es Salaam, tunapokea malalamiko mengi ya maziwa ya muda mrefu kugeuka machungu kabla ya tarehe yake kuisha. Mama mmoja wa Tandika alituletea pakiti ambayo haikuvimba wala kuvuja. Tulipoikata kwa mkasi, yakatangulia maji ya njano, kisha donge jeupe laini. Halikunuka uchachu. Alikuwa na hakika kiwanda kimeweka dawa.

Hapana, si dawa. Maziwa mabichi yakihifadhiwa kwenye nyuzi 4 katika kituo cha kukusanyia maziwa, bakteria wengi hutulia, lakini Pseudomonas fluorescens huendelea kuzaliana. Friji haiui bakteria. Hili tumelisema mara nyingi mno. Wakishafikia mamilioni kwa mililita moja, humwaga kwenye maziwa kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili, kinachokata protini kama kisu. Zinki ndiyo makali ya kisu hicho, na kalsiamu ndiyo inayokaza mpini.

Kiwandani maziwa hupashwa moto wa nyuzi 135 hadi 150 kwa sekunde chache. Bakteria hao hufa wote. Kimeng'enya hakina uhai wa kupoteza, na sehemu yake hupita kwenye moto huo ikiwa bado na nguvu. La kushangaza, kwenye nyuzi 55 hivi ndipo hudhoofika haraka, kwa kuwa hujikatakata chenyewe. Baadaye pakiti hukaa miezi kwenye rafu ya duka lenye nyuzi 30 na zaidi, na joto la namna hiyo ndilo linalokichangamsha. Kazeini, protini kuu ya maziwa, hukatwa vipande vidogo vichungu, mwishowe maziwa huganda. Kuyachemsha nyumbani hakurudishi protini iliyokwisha kukatwa, kwa hiyo tafadhali msiyachemshe mkampa mtoto.

Wenzetu wa vituo vya kukusanyia maziwa, kipimo cha spiriti na laktomita (kifaa cha kupima uzito wa maziwa) havikioni kimeng'enya hiki. Kinga ni usafi wa ndoo na mipira ya tangi, na kuyasafirisha maziwa mapema. Tangi kusoma nyuzi 4 si ruhusa ya kuyalaza siku nne.

Mwenye malalamiko alete pakiti iliyofunguliwa pamoja na nyingine mbili ambazo hazijafunguliwa, zote za namba moja ya toleo, na risiti. Asihamishie maziwa kwenye chupa: sampuli ya chupa hatuipokei, kwa sababu haionyeshi namba ya toleo wala tarehe. Aandike jina la duka, siku aliyonunua na mahali pakiti ilipokaa. Iliyofunguliwa ije kwenye kontena lenye barafu, siku hiyo hiyo.

Mwenye duka akipata toleo lenye shida, alitenge na kutoa taarifa. Kufuta tarehe au kubandika lebo mpya ni kosa kisheria; mzigo huzuiwa, na ukithibitika haufai huteketezwa kwa gharama za mwenye mali.