Samaki wa tangi akiugua: maswali kabla ya kumwaga antibiotiki majini

Samaki wangu wa dhahabu amejilaza chini, mapezi ameyabana. Nimwekee antibiotiki ya tetrasaiklini?

Bado. Pima maji kwanza. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta huigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti, ambayo haina ukali mkubwa. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Bakteria hao wanahitaji wiki kadhaa kuzaliana. Kipindi hicho samaki huhemea juu ya maji au hujilaza chini, matamvua yakiwa mekundu. Watu huita ugonjwa, kumbe ni sumu. Amonia na nitriti zote zinatakiwa ziwe sifuri. Zikizidi hapo, badilisha robo hadi nusu ya maji, na maji mapya yatolewe klorini kwanza.

Sasa fikiria umemwaga antibiotiki humo. Dawa haijui bakteria yupi ni rafiki. Inaweza kuwaua wale wa filta, amonia ikapanda, samaki akafa, nawe ukalaumu duka kwamba limekuuzia dawa feki.

Nitajuaje kwamba ni bakteria kweli?

Madoa meupe kama chembe za chumvi mwili mzima si bakteria. Ni kimelea, na antibiotiki haimgusi. Hujificha chini ya ngozi, hudondoka akaenda kugawanyika sakafuni mwa tangi, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa ya vimelea humpata akiwa katika hatua hiyo ya kuogelea tu, ndiyo maana tiba huendelea hata madoa yakishapotea.

Pezi linalolika kuanzia ukingoni, au kidonda chekundu kinachochimbika, hapo bakteria wanashukiwa. Anayewadanganya wengi ni Flavobacterium columnare: huacha utando mweupe mdomoni au mgongoni, mtu akadhani ni kuvu. Huyu huenda mbio zaidi maji yakiwa ya moto. Kwa hiyo kupandisha joto, mbinu inayosaidia dhidi ya madoa meupe kwa samaki wanaostahimili joto, hapa kunamharakisha adui.

Nina kapsuli za antibiotiki zilizobaki baada ya mtoto kupona. Zitafaa?

Hapana. Tetrasaiklini hushikana na kalsiamu na magnesiamu za maji magumu, kama ya visima vingi, nguvu yake ikapungua. Mwanga nao huiharibu. Eritromaisini, antibiotiki nyingine, huwapata zaidi bakteria wa Gramu chanya, moja ya makundi mawili makuu ya bakteria, ilhali wengi wanaosumbua samaki ni wa kundi la pili, Gramu hasi. Na kapsuli mbili tatu hazitoshi dozi: huua walio dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane.

Daktari wa mifugo ameniandikia dawa. Niitumieje?

Mhamishie mgonjwa kwenye beseni au tangi la pembeni lenye pampu ya hewa, ili filta kuu isalimike. Toa makaa ya filta, maana hufyonza dawa. Hesabu lita halisi: tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54 likijaa hadi ukingoni, nawe hujalijaza hivyo, na mawe yamechukua nafasi. Kama bado anakula, muulize daktari kuhusu dawa ya kuchanganya na chakula, kwa maradhi ya ndani hiyo mara nyingi hufika vizuri zaidi. Maliza siku zote ulizoandikiwa. Maji yenye dawa usiyamwage mtoni wala bwawani.

Naweza kuambukizwa?

Ndiyo, ingawa si jambo la kila siku. Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, huingia kwenye mchubuko wa mkono unaposafisha tangi. Wiki kadhaa baadaye kinatokea kinundu kisichopona, pengine vingine vikapangana kupanda mkononi. Tiba yake huchukua miezi. Ukiwa na jeraha vaa glavu, wala usivute maji kwa mdomo kupitia mpira. Na ukienda hospitali na kinundu hicho, taja mwenyewe kwamba unafuga samaki. Huenda daktari asifikirie kukuuliza.